Pua ya Nahodha

Kifuniko cha injini ndicho kilichokuwa kiti bora kuliko vyote katika boti ile. Kilikuwa katikati, kipana, na injini ikishachemka kilipata vuguvugu zuri la kupoza maumivu ya nyonga. Abiria wa kila siku walijua kwamba hapo hakaliwi ovyo. Palikuwa pa wazee na pa wajawazito. Asubuhi ile paliwekwa mto mdogo wa kukalia, kwa sababu aliyekuwa akisubiriwa ni mama mzazi wa mwenye boti.

Ilikuwa siku ya kliniki ya macho katika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya mto, na siku ya kliniki abiria hawaitwi, wanakuja wenyewe. Muuguzi alikuwa ameshakaa mbele, mkoba mapajani. Nyuma yake mpaka rangi mmoja alikuwa amepanga ndoo zake, na sigara ambayo haijawashwa imekaa sikioni kama kalamu. Mwanamke mmoja alikuwa akimnyonyesha mtoto mchanga, amejifunika mtandio. Benchi la nyuma lilijaa wazee wenye miwani na wasio na miwani, wakisogeleana na kulalamika kwa upole.

Nahodha, kama alivyoitwa na wote mpaka na mkewe, alijaza tangi hadi shingoni alfajiri hiyo. Siku nyingine alitia nusu, lakini siku ya kliniki hakutaka kupoteza muda kurudi kituoni kununua mafuta. Sasa alifanya kile ambacho marehemu baba yake alikifanya kila asubuhi kabla ya kuwasha. Aliinua kifuniko upande mmoja, akainamisha kichwa ndani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Abiria walinyamaza kidogo, kama watu wanaosubiri mtu amalize dua. Kisha akafunga, akaweka mto juu yake, akauliza kwa sauti, "Mama yuko wapi?"

"Tunakuja! Miguu ya mama yako haina injini," mkewe alijibu kutoka gatini, na watu wakacheka.

Mkewe aliitwa Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliokuwa shule ya bweni. Alikuwa dobi katika nyumba ya wageni karibu na stendi, na kwa sababu ya kazi hiyo hakufika gatini mara nyingi. Siku hiyo aliomba ruhusa ili amlete mkwe wake. Alimshika kizee kwapani, akamshusha ndani ya boti hatua kwa hatua, akamkalisha juu ya mto. Akainama kumpanga miguu.

Akabaki ameinama.

"Nasikia petroli," alisema.

"Boti ya petroli," Nahodha alisema akikunja kamba, "ulitaka inuke marashi?"

Abiria wakacheka tena. Mama Pacha hakucheka. Alisogeza uso karibu na ufa wa kifuniko, kati ya miguu ya mkwe wake.

"Si harufu ya boti hii. Hii ni nyingi. Inaniingia mpaka machoni."

"Nimeshanusa. Watu wote wameniona. Haya panda juu, tunachelewa."

Alikwisha kunyoosha mkono kwenda kwenye ufunguo uliokuwa umechomekwa karibu na usukani. Mama Pacha hakusema neno jingine. Alipita kati ya ndoo za rangi, akauchomoa ufunguo, akautia kifuani ndani ya gauni.

Mpaka rangi aliangalia kando. Muuguzi akatazama saa yake. "Mama, wagonjwa wananisubiri."

"Ugomvi wa nyumbani umalizwe nyumbani jamani," mzee mmoja alinung'unika nyuma.

Nahodha aliongea taratibu, meno yamebana. "Mke wangu. Nipe ufunguo. Unanidhalilisha mbele za watu."

"Fungua kifuniko kwanza."

"Nimekifungua sasa hivi!"

"Kifungue chote. Mama, simama kidogo, nishike bega."

Nahodha alifungua ili kumkomesha. Aliutupa mto pembeni, akakinyanyua kifuniko kizima kwa mikono miwili, kisha, kwa hasira ile ile, akang'oa na ubao wa sakafu ulio nyuma yake. "Haya, tazama! Tazameni wote!"

Jua liliingia mpaka chini kabisa, kwenye tumbo la boti, mahali ambapo kwa kawaida hulala maji machache machafu yenye grisi. Sasa palikuwa na kitu safi, cheupe kama kioo, kinachotembea polepole kutoka upande huu kwenda upande ule kila mtu alipojigeuza kwenye benchi. Rangi zote zilikuwa zikijikunjua juu yake, zambarau, kijani, dhahabu. Na juu ya rangi hizo hewa yenyewe ilikuwa inatetemeka, kama inavyotetemeka juu ya lami wakati wa kiangazi.

Mpaka rangi aliondoa sigara sikioni, akaitia mfukoni taratibu sana, kana kwamba ingeweza kuwaka kwa kutazamwa. Mama mwenye mtoto ndiye wa kwanza kuinuka. Walitoka mmoja mmoja, bila kusukumana, wakikanyaga kwa vidole kama watu wanaotoka kwenye chumba alicholala mgonjwa. Mzee aliyenung'unika alimpa Mama Pacha mkono, na alipofika gatini hakuuachia mara moja.

Kizee, ambaye macho yake yalimwonyesha ukungu tu, alisimama juu ya gati akigeuza kichwa huku na huku.

"Kuna nini? Mbona kimya? Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo, mama," muuguzi alimwambia. "Sote tupo."

Nahodha alikuwa bado ndani ya boti. Mkono wake ulikuwa umerudi kwenye tundu la ufunguo, na alikuwa akiutazama kama mkono wa mtu mwingine.

*

Walioelewa walielewa papo hapo. Ambao hawakuwepo hawakuelewa, na kufikia saa nne hadithi iliyozunguka gatini ilikuwa ya mwanamke aliyemnyang'anya mumewe ufunguo na kuukalia. Wapakia mizigo waliigiza. Mmoja alijifanya Nahodha anayebembeleza, mwingine akajifanya Mama Pacha aliyebana mikono kifuani. Nahodha aliwaona. Aliisukuma boti yake kwa upondo mpaka mbali na boti nyingine, akaifunga kwenye nguzo ya peke yake, akaacha vifuniko vyote wazi ili upepo upite.

Mwenyekiti wa wenye boti alikuja akiwa na haraka ya kulimaliza jambo. "Petroli kidogo imemwagika. Imewahi kutokea. Kausheni, mwashe, watu wanasubiri."

Fundi aliyeitwa Spana, kwa urefu na wembamba wake, alikuwa ameshafika. Yeye ndiye aliyetengeneza injini nyingi za mto ule, na hakuwa mtu wa maneno. Alimwomba mama wa mgahawa kopo kubwa tupu la maziwa ya unga. Alilipeleka mbali, kwenye mchanga usio na kitu, akatia ndani yake petroli ya kujaa kizibo cha soda, akafunika. Akaja zake kukaa kivulini.

"Unasubiri nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Nasubiri igeuke mvuke. Mvuke wake haupandi juu kama moshi. Unazama, unakaa chini kama maji ndani ya beseni. Hauonekani."

Baadaye aliwataka watu wote warudi nyuma. Alikuwa ametoboa kopo ubavuni, akafikisha moto pale kwa ufito mrefu, yeye mwenyewe amegeuza uso.

Haukuwa mlio wa kopo. Ulikuwa mlio ambao watu waliusikia kwenye mbavu. Kifuniko kilipaa juu, juu zaidi ya paa la bohari, kikageuka kwenye jua mara nyingi, na watu wakakifuata kwa macho vinywa vikiwa wazi mpaka kilipoanguka mtoni. Ndege wote waliondoka kwenye nguzo. Wapakia mizigo waliokuwa wakiigiza walisimama wima, mikono imening'inia.

"Hicho kilikuwa kizibo kimoja," Spana alisema. Akaelekeza kidole kwenye ile boti iliyofungwa peke yake. "Mle mna ndoo nzima ya petroli."

Mwenyekiti alivua kofia. Hakuna aliyemwambia aivue. Alitazama boti, akatazama benchi la kusubiria ambako kizee alikuwa ameketi na mkwe wake.

"Haitoki," alisema hatimaye, "mpaka wewe Spana uniambie itoke."

*

Upepo wa mchana ulifanya kazi yake. Spana aliwaruhusu waingie alasiri, bila viatu vya misumari, bila simu, na Nahodha akiwa amevuliwa shati lake la nailoni kwa sababu Spana alisema nguo za namna hiyo huzaa cheche. Mume na mke walipiga magoti kila mmoja upande wake wa injini, wakanyonya petroli kwa matambara ya pamba na kuyakamulia kwenye ndoo.

Ufunguo ulikuwa bado kifuani mwa Mama Pacha.

"Imepungua?" aliuliza. "Harufu."

"Imepungua."

"Hapa kwangu bado kali. Huko kwako?"

"Kidogo tu."

Mama Pacha alimtazama. Kichwa cha mumewe kilikuwa ndani kabisa, karibu na tangi, mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kuvuta pumzi tatu. Machozi yalikuwa yanamtoka Nahodha kwa ukali wa mvuke, na bado alikuwa anapumua kwa pua, kwa starehe, kama mtu aliye bustanini.

Alichukua tambara safi, akalichovya mtoni upande wa nje, akalikamua. "Nisaidie hili. Linanuka sana?"

Nahodha alilisogeza puani. "Hili kali," alisema. "Hili litupe."

Mama Pacha alikaa chini kwenye ubao. Maji ya mto yalikuwa yakimtiririka mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Hili ni maji, mume wangu. Tangu lini husikii harufu?"

Nahodha alitoa kichwa nje. Alijifuta uso kwa kiganja, akajipaka grisi bila kujua. Alionekana kama atakana, kisha akaonekana kuchoka ghafla, kama mtu aliyebebeshwa gunia akaona mahali pa kulitua.

"Tangu yale mafua ya msimu wa baridi. Nilidhani itarudi. Kila siku nikasema kesho."

"Wali nilipouunguza ukala mpaka chini ya sufuria. Nikajiambia, mume wangu ana adabu."

"Niliuona mweusi. Niliona ninyamaze."

"Na kila asubuhi unainamisha kichwa pale, mbele ya watu. Ulikuwa unanusa nini?"

"Nilikuwa nahesabu," alisema. "Baba alikuwa anavuta pumzi ndefu kiasi fulani. Nilikuwa nahesabu mpaka ifike kiasi hicho, halafu nafunga."

Mama Pacha alitaka kupiga kelele. Maneno yalimfika kooni, makubwa, ya kumvunja mtu. Alifikiria muuguzi na mkoba wake, yule mtoto chini ya mtandio, wazee kwenye benchi la nyuma. Alifikiria mto mdogo wa kukalia. Kisha akamwona mumewe jinsi alivyokuwa, kifua wazi, masizi usoni, akitazama tumbo tupu la boti kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa kaburi lake akaambiwa arudi nyumbani, na maneno yale yakakosa njia.

"Tungekwisha wote," Nahodha alisema. "Hata sauti nisingeisikia. Ningegeuza tu, hivi." Akageuza vidole hewani.

Mama Pacha alivuka injini kwa magoti, akaishika mikono yake yote miwili. Walikaa hivyo. Boti iliwayumbisha taratibu, tupu na nyepesi, na mto ukapita chini yao kwa upana wake wote.

*

Nyumbani Nahodha alimwambia mama yake mwenyewe. Hakutaka alisikie jambo hilo dirishani kwa wapita njia. Kizee alisikiliza huku akipapasa vidole vya mwanawe kimoja kimoja, kama anahakikisha havijapungua.

"Wewe huna pua, mimi sina macho," alisema mwishoni. "Nyumba hii ina mtu mzima mmoja tu." Akageukia upande aliokuwa mkwe wake. "Mwanangu, usituache."

"Niende wapi, mama, na nguo za watu zimejaa beseni?"

Kizee akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akaomba chai.

Fedha za mabati ya jikoni zilitolewa kabatini bila mjadala. "Mvua ikinyesha nitapika na mwavuli," Mama Pacha alisema. Dukani muuzaji aliwaletea mpira wa kupitishia mafuta, wa bei nafuu, laini, unaong'aa. "Huu watu wengi wanachukua." Spana aliukunja, akaurudisha. Ulikuwa wa maji. Petroli ingeulainisha mpaka uvimbe kama kidole kilichobanwa na mlango. Walinunua ule mzito, uliofumwa nyuzi ndani, na vibanio vipya, na kichujio chenye kikombe cha kukamata maji, na feni ndogo ya kutolea mvuke, mahali pa ile iliyokufa zamani ambayo kila mwezi ilikuwa ibadilishwe.

Kuutoa mpira wa zamani kuliwatoa jasho. Ulikuwa ule mnene, unaopeleka mafuta kutoka kwenye mdomo wa kujazia mpaka kwenye tangi, nao ulipita nyuma ya mbavu za boti mahali ambapo mkono wa Nahodha haukuingia wala wa Spana. Mama Pacha alilala kifudifudi, akapitisha mkono wake mwembamba wa dobi mpaka begani, akalegeza kibanio kwa kupapasa. Ulipotoka, Spana aliupasua kwa kisu kwa urefu wake na kuufunua kama samaki.

Kwa nje ulikuwa mweusi, mzima, wa kuaminika. Ndani ulikuwa umepasuka kila mahali kama kisigino cha mtu wa shamba, na upande wa chini, uliokuwa ukisuguana na mbao, palikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Ukitia nusu tangi, mafuta hayafiki hapa," Spana alisema. "Ukijaza mpaka shingoni, yanafika."

Nahodha aliingiza kidole chake kwenye tundu, akakitoa, akakiingiza tena. Baba yake ndiye aliyeufunga mpira ule. Wote wawili walikuwa wameupita na kuupitia miaka yote hiyo, wakiusifu ugumu wake. Alikaa akiutazama mpaka Spana akamwambia, kwa upole usio wa kawaida yake, "Nahodha, nipe bisibisi."

Waliifanya kazi sehemu kwa sehemu. Tangi lilitolewa, likasuuzwa, likajazwa maji na kuachwa juu ya magogo makavu kuona kama litavuja. Halikulia hata tone. Lilirudishwa, mipira ikafungwa vibanio viwili kila ncha, kikombe cha kichujio kikasafishwa mpaka kikawa angavu. Mwishoni walitia petroli, kidogo kwanza, kisha mpaka shingoni kabisa. Mama Pacha alipita kila kiungo, pua mbele, mikono nyuma. Alichukua muda wake. Alisimama kwenye kiungo kimoja nyuma ya tangi.

"Hapa."

"Pakavu hapo," Spana alisema. Alipapasa kwa kidole. "Pakavu kabisa."

"Najua pakavu. Pananuka."

Spana alikaza kibanio kwa robo mzunguko. Mama Pacha alisubiri upepo upite, akainama tena. Kisha akaitikia kwa kichwa kwamba hapanuki tena, na Spana, aliyekuwa hapendi kusifu, akamwangalia mwanamke yule kama mtu anavyoangalia chombo asichokijua, ambacho hakiuzwi dukani.

*

Siku boti iliporudi gatini, abiria walikuja wakasimama mbali. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nahodha alijua walikuwa wanamsubiri ainue kifuniko na kuingiza kichwa, naye hakufanya hivyo. Alipanda juu ya benchi ili wote wamwone.

"Jamani," alisema, akasubiri waliokuwa mbali wasogee. "Jamani. Mimi pua yangu imekufa. Haisikii kitu. Niliwaficha, nikawabeba hivyo hivyo, msimu mzima. Mkitaka kupanda boti nyingine, mna haki. Mkipanda hii, kuanzia leo anayenusa ni mke wangu. Akisema haitoki, haitoki."

Mtu mmoja alisonya kwa nguvu, akageuka na kwenda zake kwenye boti ya jirani, na wengine wawili wakamfuata. Nahodha aliwaacha wapite, uso wake ukiwaka. Waliobaki walimtazama Mama Pacha akishuka ndani ya boti na gauni lake la kazi, kwani baadaye angekwenda nyumba ya wageni. Feni ilikwisha kunguruma muda wa kutosha, ikazimwa. Kifuniko kiliwekwa wazi chote. Alipiga magoti, akaingiza kichwa na mabega.

Wapakia mizigo walitua mizigo. Hata mwenyekiti, aliyekuwa akifoka kwenye simu, aliishusha simu. Watu wazima wote wale walisimama wakisikiliza mwanamke mmoja akivuta pumzi.

Alitoa kichwa. "Hakuna kitu," alisema.

Muuguzi ndiye aliyetangulia kuingia botini. Wengine wakafuata. Mama Pacha alitaka kutoka, lakini Nahodha akamzuia kwa mkono. "Twende wote mara moja. Utarudi na mimi."

"Nguo za watu je?"

"Mara moja tu."

Injini ilishika kwa mzunguko wa kwanza. Mabega ya abiria yalipanda pamoja kwa mshtuko, kisha yakashuka pamoja, na mtu fulani akacheka. Boti ikajitenga na gati, ikaelekeza pua kwenye maji mapana. Jua lilikuwa limetandazwa mtoni kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Walikuwa wameyavuka maji hayo maisha yao yote wakiongea juu ya bei na magonjwa. Sasa waliyatazama.

Katikati ya mto Nahodha aliinamisha kichwa karibu na sikio la mkewe, ambaye alikuwa amekaa kando ya usukani ameshika mtandio wake usipeperuke.

"Mto," alisema. "Unanukaje leo?"

Mama Pacha aligeuka kumwangalia kama anamtania. Hakuwa akimtania. Alifumba macho, akauelekeza uso kwenye upepo, akakaa hivyo kidogo akichagua. Kulikuwa na mengi.

"Ngoja," alisema. "Nianze na wapi?"

Akaanza kumwambia, naye akapunguza moto wa injini ili asikie vizuri.